Gramu za chakula ndizo zinazopanga ukubwa wa tangi

Ukienda kununua lile tangi jeupe la mraba lenye kizimba cha chuma, la lita 1,000, muuzaji akisikia unataka kufugia samaki atakupa na maelekezo ya bure. Kata juu, kama sentimita thelathini na kitu. Pindua kile kipande, kipandishe juu ya tangi, kijaze kokoto. Chini samaki, juu mchicha. Pampu ndogo inapandisha maji yenye uchafu wa samaki, kokoto zinayasafisha, mizizi inajichukulia chakula, maji yanarudi chini. Hiyo ndiyo akwaponiki: ufugaji wa samaki na kilimo kisichotumia udongo, vyote katika mzunguko mmoja wa maji. Tangi moja, umepata vyote viwili.

Nilifanya hivyohivyo uani kwangu, Dar es Salaam. Nikaweka sato 80, kwa sababu kila niliyemuuliza alinitajia idadi yake na 80 ilikuwa katikati. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa sishikiki. Mchicha ulitoa majani mapana kama viganja, majirani wakaja kupiga picha. Mwezi wa nne maji yakaanza kunuka kama mtaro, tope jeusi likaonekana kati ya kokoto, na alfajiri samaki wakawa wanakuja juu kuhema. Mwezi wa tano umeme ulikatika usiku. Asubuhi niliokota 31.

Nilimlaumu muuza vifaranga, nikalaumu chakula, nikalaumu umeme. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ambayo sikuifanya, na ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu. Inatuchanganya kwa sababu tunaianzia mwisho: mtu ananunua tangi, ndipo anauliza linaingia samaki wangapi, halafu anatengeneza tuta, yaani chombo cha kokoto na mimea, la kutosha nafasi iliyobaki uani. Twende kinyume chake.

Mlango ni mmoja

Katika mfumo huu kitu kinaingilia mlango mmoja tu: ile konzi ya chakula unayowarushia samaki asubuhi na jioni. Amonia inayoua samaki, tope, mbolea ya mchicha, hata mnofu wa samaki mwenyewe, vyote vimetoka kwenye konzi hiyo. Chakula cha sato wanaokua huwa na protini kama asilimia 30 hadi 32. Ukiwapa gramu 100, ndani ya maji zitaishia gramu 3 hadi 4 za amonia, na sehemu kubwa inatokea kwenye matamvua wanapopumua, si kwenye kinyesi kama wengi wetu tunavyodhani. Kwa hiyo hata ukiona maji maangavu, amonia inaweza kuwemo tele.

Juu ya kokoto wanaota bakteria wa makundi mawili. La kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki. La pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na mmea unaipenda. Bakteria hawa huchukua wiki tatu hadi sita kujijenga kwenye mfumo mpya, ndiyo maana anayejaza samaki wote wiki ya kwanza huwa anawazika wiki ya pili.

Sasa, tuta lenye ukubwa gani linatosha? FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa mwaka 2014 wa akwaponiki ndogondogo, inatumia kipimo hiki: kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani, toa gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku. Kwa mimea ya matunda kama nyanya, hoho na bamia, gramu 50 hadi 80. Si idadi ya samaki, wala si lita za tangi. Ni gramu za chakula kwa eneo la mimea kwa siku.

Turudi uani kwangu na kipimo hicho. Tangi la namna ile lina kitako cha mita 1.2 kwa mita 1, kwa hiyo kipande nilichokata kilinipa tuta la mita za mraba 1.2, na chini nikabaki na tangi la lita kama 700. Tuta hilo likiwa limejaa mchicha linataka gramu 48 hadi 60 kwa siku. Mwezi wa tano sato wangu walikuwa na wastani wa gramu 150 kila mmoja. Samaki 80 mara gramu 150 ni kilo 12. Samaki wa ukubwa huo anakula kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani wote kwa pamoja gramu 240. Nilikuwa nalilisha tuta mara nne ya uwezo wake, kila siku, na nikishangaa harufu inatoka wapi.

Na wangekua hadi gramu 300 je? Kilo 24. Nashukuru walikufa mapema, nasema kwa uchungu.

Kwa nini kila mtu ana namba yake

Ukisoma huku na kule utakuta namba kubwa zaidi. James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kule St. Croix katika Karibi, walioanza kazi hii miaka mingi kabla haijawa gumzo, walifika kwenye gramu 60 hadi 100 kwa mita ya mraba. Mtu akiona hivyo anasema FAO wana woga. Lakini mfumo wao ulikuwa wa maboya: mimea inaelea kwenye mifereji ya maji, mizizi inaning'inia, hakuna kokoto. Kinyesi kinanaswa kwenye matangi ya kutuamisha na kutolewa nje, na kikitoka kinaondoka na sehemu ya mbolea. Inabidi kulisha zaidi ili mimea ipate kiasi kilekile. Kwenye tuta la kokoto kinyesi kinabaki humohumo, kinaoza polepole, na kila kilichomo kinaishia kwenye maji. Ukichukua namba ya maboya ukaileta kwenye kokoto, unajitafutia tope.

Halafu kuna kanuni maarufu kuliko zote, ya moja kwa moja (1:1): ujazo wa tuta uwe sawa na ujazo wa tangi. Tangi la lita 1,000, matuta ya lita 1,000. Kanuni hii si mbaya, na kwa anayeanza inamkinga na mengi, lakini imeficha masharti yake. Inachukulia kwamba tuta lina kina cha sentimita 30 na kwamba hujawabananisha samaki. Jirani yangu alitengeneza matuta ya kina cha sentimita 15 kwa sababu kokoto zilikuwa ghali, akaongeza urefu ili ujazo ulingane na kanuni. Kwa karatasi yuko sawa. Kwa hali halisi ana eneo la mimea maradufu ambalo samaki wake hawawezi kulilisha, nyanya zake zinaangukaanguka kwa kukosa pa kushika mizizi, na jua linachemsha kokoto hadi chini.

Zile sentimita 30 zina kazi. Tano za juu hubaki kavu daima, ili mwani usiote na shina la mmea lisioze. Katikati ndipo mizizi na bakteria wanapoishi, maji yakipanda na kushuka na kuvuta hewa kila yanaposhuka. Chini kabisa ndipo uchafu mzito unapokaa kusagika.

Ukitaka kujua kwa nini ujazo si kipimo cha kutegemea, tazama bakteria wenyewe. Kwa gramu 200 za chakula kwa siku, mwongozo uleule wa FAO unaonyesha kwamba lita 44 hivi za kokoto za volkano zinatosha kuwapa bakteria mahali pa kukaa. Lita 44! Ndoo mbili na kidogo. Matuta ya lita 900, kama yale tutakayoyapigia hesabu hapa chini, yakijazwa kokoto hizo yana nafasi ya bakteria mara ishirini ya hiyo. Kwa hiyo amonia siyo inayokwamisha kwanza tuta ambalo bakteria wake wameshajijenga. Kinachokwamisha ni tope, ambalo likijaa kati ya kokoto linafunga njia ya hewa, na nitrati isiyo na mmea wa kuila. Vyote viwili vinataka eneo, na eneo linaamuliwa na chakula.

Hesabu kutoka sahani hadi tangi

Anza na mboga. Familia ya watu watano au sita inayokula mboga za majani karibu kila siku itaona faida ya mita tatu za mraba. Mita moja inabeba miche 20 hadi 25 ya chainizi au sukuma wiki, na mchicha unausia tu kama kawaida. Kwa nyanya na hoho usizidishe miche minne au mitano kwa mita.

Mita 3 mara gramu 45 ni gramu 135 za chakula kwa siku. Shika namba hiyo.

Samaki aliyefika ukubwa wa sahani, gramu 300, anakula kama asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku. Gramu 135 gawanya kwa 0.015 ni gramu 9,000, kilo 9 za samaki. Kilo 9 gawanya kwa gramu 300: samaki 30. Hao ndio samaki wako. Thelathini, kwa matuta matatu ya mita moja moja. Mimi niliweka 80 kwa tuta moja.

Tangi linakuja mwisho. FAO inapendekeza kilo 10 hadi 20 kwa lita 1,000, na wenye matangi ya kibiashara wanapita hapo mbali. Kwa kilo 9, lita 500 zingetosha kinadharia. Mimi nasema chukua lita 1,000 nzima, usilikate, na sababu yangu ni TANESCO, shirika letu la umeme: umeme ukikatika, pampu inazima na hewa inaisha majini.

Maji ya nyuzi 28 yakishiba hewa yana oksijeni kama miligramu 7.8 kwa lita. Tangi zima la lita 1,000 lina oksijeni isiyofika gramu 8. Sato aliyekula vizuri anatumia takriban gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kilo 20 wanamaliza gramu 6 kwa saa. Pampu ikizimika, kabla ya saa moja kuisha wako taabani. Kilo 9 wanatumia gramu 2.7, kwa hiyo una karibu saa mbili, na juu ya maji kuna kidogo kinachoingia chenyewe. Saa mbili zinatosha kuamka, kutafuta tochi na kuwasha ile pampu ya hewa ya betri, au kukoroga kwa ndoo ukisubiri. Mimi nilikuwa na kilo 12 ndani ya lita 700, ambazo ni sawa na kilo 17 kwa lita 1,000, na nilikuwa nimelala.

Kambale ana nafuu hapo, maana anaweza kupanda juu na kuvuta hewa kwa mdomo, ila wakipishana ukubwa wanakulana. Kwa mfumo wa kwanza nabaki na sato.

Ndoo moja na siki kidogo

Kuna jambo ambalo kanuni ya moja kwa moja haisemi kabisa. Tuta la lita 300 haliingii maji lita 300. Kokoto zimeshachukua nafasi. Limebaki kiasi gani? Usikisie. Jaza kokoto ndoo ya lita 20 hadi ukingoni, kisha mimina maji kwa jagi la lita moja ukihesabu hadi yafike juu. Kokoto za nusu inchi hupokea kama majagi manane. Hiyo ni asilimia 40.

Tuta la mita moja ya mraba linajazwa maji hadi sentimita 25, ukiacha tano kavu. Lita 250 mara 0.4 ni lita 100. Matuta matatu yakijaa kwa wakati mmoja yamenyonya lita 300 kutoka kwenye tangi la samaki, na samaki wako wamebaki na lita 700, kisha wanarudishiwa, kisha wananyonywa tena, mchana na usiku. Kwa 1,000 inavumilika. Kwa tangi la lita 500 wangebaki na 200, na pampu ingeanza kuvuta hewa. Hii ndiyo sababu ya pili ya kutobana tangi. Wanaotaka kiwango cha maji ya samaki kisitikisike huweka tangi jingine chini kabisa, la lita 400 hivi, maji ya matuta yanaangukia humo, pampu inakaa humo, na tangi la samaki linafurika lenyewe kwa bomba kwenda kwenye matuta. Ni mfumo mzuri, gharama inapanda. Hesabu pia maji yanayopotea kwa jua na majani: asilimia 1 hadi 3 kwa siku, yaani kwa mfumo huu nusu ndoo hadi ndoo moja na nusu ya kuongeza. Ya bomba yaache kwenye chombo wazi siku moja au mbili klorini itoke.

Kabla ya kununua kokoto, nenda na siki nyeupe mfukoni. Chagua kokoto tano tofauti, zitumbukize kwenye kikombe. Zikitoa povu la chembechembe kama soda iliyofunguliwa, hilo ni jiwe la chokaa, na pwani yetu imejaa mawe ya matumbawe ya namna hiyo. Jiwe la chokaa linapandisha pH, kipimo cha asidi ya maji (ikishuka, asidi imezidi), na kuishikilia kwenye 8 na zaidi. Huko juu madini ya chuma yanajifunga, majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Kubwa zaidi, kwenye nyuzi 30, kiasi kilekile cha amonia kina sehemu yenye sumu karibu mara kumi kwenye pH 8 kuliko kwenye pH 7. Tuta lenye ukubwa sahihi likijazwa jiwe lisilo sahihi, hesabu yote ya juu imeharibika. Tafuta kokoto za mwamba mgumu. Walio Arusha, Moshi au Mbeya wana bahati ya mawe ya volkano: mepesi, yana vitundu, bakteria wanayapenda. Na usilitupe lile jiwe la chokaa. Bakteria wanapofanya kazi wanazalisha asidi, pH inashuka mwezi hadi mwezi, hasa ukitumia maji ya mvua. Ikikaribia 6, konzi mbili za chokaa hiyo kwenye kifuko cha wavu ndani ya tangi zinairudisha.

Uzito nao. Lita 300 za kokoto ni kama kilo 450, ongeza maji lita 100: kilo 550 kwa mita moja ya mraba. Matuta matatu ni zaidi ya tani moja na nusu. Yaweke juu ya tofali za bloku zilizopangwa kwenye ardhi iliyoshindiliwa. Mbao za mirunda zitakubali wiki mbili. Juu ya paa la zege usiweke bila fundi anayejua nondo zilizomo.

Pampu na maandishi madogo

Maji ya tangi yanapaswa kuzunguka yote angalau mara moja kwa saa: lita 1,000 kwa saa. Ukienda dukani utaona boksi limeandikwa lita 2,000 kwa saa, ukafurahi. Soma pembeni: kimo cha juu, mita 2. Maana yake ni kwamba kwenye mita 2 maji hayatoki hata tone, na zile lita 2,000 ni pale isipopandisha chochote. Kutoka kitako cha tangi hadi juu ya tuta lako ni mita moja na nusu, kwa hiyo unachopata ni cha chini sana. Tafuta pampu ambayo kimo chake cha juu ni kama maradufu ya kimo chako, kisha ijaribu kwa ndoo: kinga maji kwenye mdomo wa tuta, ukipima kwa simu. Ndoo ya lita 20 ijae ndani ya sekunde 72. Ikichukua dakika mbili, huna lita 1,000, una 600.

Pampu ya wati 40 ikiwaka usiku na mchana inakula karibu uniti 29 kwa mwezi. Si nyingi, ila aliye kwenye bei nafuu ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, azijumlishe na friji na feni kabla hajashangaa kuhamishiwa bei nyingine. Ya wati 25 ni uniti 18. Ukipata ndogo inayofikisha ndoo kwa sekunde 72, chukua hiyo.

Samaki hawakai ukubwa mmoja

Hapa ndipo hata aliyefanya hesabu vizuri anapoyumba, kwa sababu zile gramu 135 ni za siku za mwisho. Siku ya kwanza samaki 30 wa gramu 10 wana jumla ya gramu 300. Wadogo wanakula kwa kasi, tuseme asilimia 5 ya uzito, lakini asilimia 5 ya gramu 300 ni gramu 15. Hizo zinalisha theluthi ya mita moja ya mraba. Wiki ya kumi wamefika gramu 50: kilo 1.5, asilimia 3, gramu 45, tuta moja. Wiki ya ishirini, gramu 150: kilo 4.5, asilimia 2, gramu 90, matuta mawili. Wiki ya thelathini ndiyo unafika gramu 300 na matuta matatu.

Mtu asiyejua hivi anapanda matuta yote matatu siku ya kwanza, anaona mboga zimedumaa na kugeuka njano, anahitimisha samaki ni wachache, anaongeza hamsini. Ndivyo tunavyofika kwenye 80. Mwingine anaamua kuwarushia chakula zaidi ya wanachoweza kumaliza ndani ya dakika kumi na tano, kinazama na kuoza. Fanya hivi badala yake: tuta la kwanza panda kiasi, mnanaa na giligilani, visivyotaka mengi, la pili lianze mwezi wa tatu, la tatu, la nyanya, mwezi wa tano. Kokoto za matuta yote ziwemo na maji yapite yote tangu mwanzo, bakteria wajenge.

Walio Njombe, Iringa au Limuru wapunguze matarajio. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 sato anapoteza hamu ya kula na ukuaji unasimama, na gramu anazokataa samaki ni gramu ambazo mchicha haupati. Wao wahesabu kwa chakula kilicholiwa kweli, wapime kwa mzani wa jikoni kwa wiki nzima, wagawanye kwa 45, wapate mita za mraba zinazoweza kulishwa msimu huo.

Halafu wiki ya thelathini na moja. Umevua, watu wamekula, na tangi limebaki maji matupu. Matuta matatu yaliyozoea gramu 135 sasa yanapata sifuri, na bakteria nao wanakufa njaa. Dawa ni kutoweka samaki wote kwa mkupuo. Weka vifaranga 15, baada ya wiki kumi weka 15 wengine, baada ya kumi nyingine 15 tena, na kundi la kwanza likifika gramu 300 unaanza kuvua huku likiingia jipya. Wakati huo, kabla hilo jipya halijaingia, tangi lina samaki 45 wa ukubwa tatu: kumi na tano wa gramu 300 wanakula gramu 67 na nusu, kumi na tano wa gramu 150 wanakula 45, kumi na tano wa gramu 50 wanakula 22 na nusu. Jumla ni 135, na uzito wote ni kilo 7 na nusu tu, chini ya zile 9 za mwanzo. Unavua mmoja au wawili kwa wiki badala ya kujaza friji siku moja.

Ila sato mkubwa akikutana na wa gramu 10 anamwona chakula. Nilitenga kona ya tangi kwa fremu ya bomba za plastiki za nusu inchi iliyofungwa wavu wa matundu madogo, mahali maji ya tuta yanapoangukia ili wadogo wapate hewa ya kutosha. Wanakaa humo hadi wafike gramu 50, ndipo nawafungulia.